Madoadoa ya kijani yaliyoganda kwenye kioo cha tangi la samaki: namna ya kuyakwangua bila kuharibu kioo, na kwa nini yanarudi

#1 Fundi_Vioo

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa yale madoa ya mwani ya kijani, madogo, ya mviringo, magumu, yanayoshika kioo cha mbele na hayatoki kwa sponji hata usugue mpaka mkono uchoke. Ukoga mwepesi unaofutika kwa kitambaa haumo humu, huo una habari zake.

Kabla hujashika kifaa chochote, ingiza mkono upitishe ukucha juu ya doa. Ukoga wa kahawia unaofutika kwa kidole ni diatomu. Huja kwenye tangi jipya, wiki za mwanzo hadi miezi 2 au 3, na hupungua wenyewe. Kijani cha vumbivumbi kilichofunika kioo kizima, ukikifuta kesho yake kimerudi, ni mwani wa vumbi. Utando wa kijani-bluu unaobanduka kipande kizima na kutoa harufu ya uvundo ni sianobakteria, yaani bakteria, wala si mwani. Ukucha ukikwama juu ya doa na doa lisisogee, basi uko kwenye uzi sahihi.

Madoa haya hayayeyushwi na dawa yoyote ambayo samaki ataivumilia. Yanang'olewa kwa makali tu. Kwa tangi la KIOO (akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ni habari nyingine, msichanganye):

Tumia wembe wa upande mmoja, ule wenye mgongo mnene, uliofungwa kwenye mpini. Skrepa ya mafundi vioo na mafundi rangi ndiyo hiyo hiyo, inapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi. Wembe wa kunyolea ndevu wenye makali pande mbili haufai. Unapinda, unakata vidole, na ukipinda ncha yake ndiyo inayochora kioo. Kama tangi lina kina cha zaidi ya sentimita 40, tafuta mpini mrefu, maana mkono ukiishia bega ndani ya maji hutaweza kushika pembe sawasawa.

Kagua makali. Pitisha wembe taratibu juu ya kipande cha pamba. Ukinasa nyuzi, kuna pengo, tupa. Wembe wa chuma cha kawaida hushika kutu upesi, kwa hiyo ukimaliza ufute, ukaushe, na ukiona doa la kutu usiurudishe ndani ya maji.

Chomoa hita na pampu kwenye umeme. Anzia sentimita 3 juu ya mchanga na sukuma kuelekea JUU, wembe umelala nyuzi 30 hadi 45 kwenye kioo. Ukifika juu, inua, suuza wembe, rudi chini uanze mstari mwingine unaopandana kidogo na ule wa kwanza. Usiende mbele na nyuma. Ukirudisha wembe ukiwa umegusa kioo, unaburuta chochote kilichonaswa chini yake.

Sikiliza mkono wako. Juu ya madoa wembe unatoa mkwaruzo mkavu na unatetemeka kidogo kwenye vidole. Kioo kikishasafika unateleza kimya. Ukisikia mlio mkali, mwembamba, wa ghafla, simama hapo hapo: ni chembe ya mchanga.

Kwenye kona acha milimita 5 hadi 10 kutoka kwenye silikoni. Wembe ukiingia chini ya ukingo wa silikoni umefungua njia ya maji kuvuja, na hakuna kiraka cha kuaminika cha ndani ya tangi lenye maji. Hapo tumia mswaki laini au kadi ya plastiki.

Ukimaliza, zima taa za chumba, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa kioo. Madoa yaliyobaki yataonekana yote. Kisha nyonya maganda yaliyotua chini kwa mpira, badilisha maji asilimia 25 hadi 30, washa pampu. Pampu isikae imezimwa muda mrefu, dakika 30 zinatosha. Bakteria wa kwenye filta wanahitaji maji yenye hewa.

#2 Mdau_wa_Pleksi

Mkuu, shukrani. Je, sisi wenye matangi ya akriliki?

#3 Fundi_Vioo

Wembe wa chuma usiukaribishe kabisa, ndugu. Akriliki ni laini mno ukilinganisha na kioo, hata sponji ya kijani ya jikoni inaichora. Tumia kadi ngumu ya plastiki (kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa), ukingo wake ukiwa mzima, umeishika karibu wima. Madoa yakikataa, pata sponji nyeupe ya melamini isiyo na sabuni wala manukato, soma pakiti vizuri. Isugue kwa mizunguko midogo na uibadilishe mara kwa mara. Itachukua muda. Kwa akriliki dawa ya kweli ni kutoruhusu madoa yafike wiki ya pili.

Waya wa kusugulia sufuria: hapana, iwe kioo iwe akriliki.

#4 Pwani_Tangi

Naomba kuongezea kuhusu sumaku za kusafishia, maana wengi wanadhani ni salama kuliko wembe. Sumaku ndiyo inayoongoza kwa kuchora vioo, na sababu yake iko chini ya tangi.

Mchanga mwingi ni kwazi (madini ya quartz), na kwazi ni gumu kuliko kioo. Kwenye kipimo cha Mohs, cha ugumu wa madini, kioo ni kama 5.5, kwazi ni 7. Kwa hiyo punje moja ikinaswa kati ya kitambaa cha sumaku na kioo, unachora mstari kila unapoisogeza, na nguvu ya sumaku ndiyo inayoikandamiza.

Kwa sisi wa pwani kuna balaa la pili. Mchanga wa fukwe zetu una punje nyeusi nzito, zile zinazojipanga mistari myeusi wimbi likirudi. Ndani yake mna magnetaiti, madini ya chuma, nayo inavutwa na sumaku. Maana yake hata usipogusa chini, ukiipitisha sumaku karibu na mchanga, punje zinarukia zenyewe. Kabla ya kuweka mchanga wa aina hiyo tangini, utandaze sinia moja moja ukiwa mkavu, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki mpaka isitoke na kitu cheusi. Mchanga wa ufukweni una pia vipande vya kombe, vinavyopandisha ugumu wa maji na pH (kipimo cha uasidi). Mwenye samaki wa maji laini autafute wa mtoni.

Matumizi: sumaku ilingane na unene wa kioo. Ya kioo cha milimita 6 ukiiweka kwenye kioo cha milimita 12 itaanguka chini kila mara, na ikishaanguka mchangani usiiburute juu kwa kutumia ile ya nje. Itoe kwa mkono, isuuze, ikague kwa kidole, ndipo uirudishe. Usiiache kwenye kioo usiku kucha ikiwa ndani, konokono wadogo na punje hujificha pale.

Tena, kwa madoa magumu anayoyasema mkuu hapo juu, sumaku haiyaondoi. Inafaa kufuta kila baada ya siku 2 au 3 ili yasifikie kuganda.

#5 Bustani_Majini

Mmeeleza kung'oa. Sasa tuongelee kwa nini yanarudi, maana mtu anakwangua Jumamosi na wiki mbili baadaye yuko pale pale.

Mambo ni mawili: taa, na fosfeti (kirutubisho cha mimea) ILIYOPUNGUA. Narudia, iliyopungua, kwenye tangi lenye mimea. Madoa haya hupenda kioo na majani ya mimea inayokua polepole kama Anubias, pale taa inapopiga kwa nguvu, huku fosfeti ikisoma karibu na sifuri. Anayelea mimea alenge fosfeti miligramu 1 hadi 2 kwa lita na naitreti 10 hadi 20. Taa iwake jumla ya saa 6 hadi 8 kwa siku, zisizidi, na iwe kwenye soketi yenye saa inayojizima yenyewe. Ukitegemea kumbukumbu ya mtu wa nyumbani, taa italala inawaka. Tangi lililo karibu na dirisha la mashariki au magharibi lina taa ya pili ambayo hujaihesabu, weka pazia.

#6 Kisima_Kirefu

Samahani dada, hapa umenichanganya. Miaka yote tunaambiwa fosfeti ndiyo chakula cha mwani, watu wananunua hadi dawa za kuiondoa. Leo unasema iongezwe?

#7 Bustani_Majini

Swali zuri kaka. Mwani wa aina nyingi unatumia fosfeti, ndiyo. Lakini mimea pia inaitumia, tena mmea ukikosa fosfeti unasimama kukua hata kama naitreti ipo tele. Jani lililosimama kukua linakuwa mahali pa kukaa mwani, na madoa haya ndiyo yanayotangulia. Wanaolea mimea wameliona hili mara nyingi kiasi kwamba madoa magumu yakitokea, kitu cha kwanza wanachopima ni fosfeti. Ukikuta ndani ya filta kuna mfuko wa dawa ya kunyonya fosfeti, utoe kwanza kabla ya kununua kitu kingine.

Ila kuna mipaka. Tangi lisilo na mimea, lenye samaki wengi wanaolishwa mara tatu kwa siku, halina upungufu wa fosfeti. Chakula chenyewe kinaileta. Huko USIONGEZE. Huko kazi yako ni kupunguza saa za taa na kupunguza chakula mpaka kile kinachoisha ndani ya dakika 2.

Pima kwa kipimo cha matone, si karatasi za kuchovya. Karatasi haitofautishi 0 na 0.5 kwa namna ya kuaminika, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

#8 Mwenye_Kiu

Na hiyo fosfeti tunaipata wapi huku mikoani? Mbolea za akwaria bei yake si ya kawaida.

#9 Bustani_Majini

Duka la pembejeo. Ulizia mbolea ya MKP, mfuko umeandikwa 0-52-34, wakulima wa nyanya na maua wanaitumia kwenye umwagiliaji wa matone. Fomula yake ya kikemia ni KH2PO4. Chagua ile nyeupe, inayoyeyuka yote, isiyoongezwa shaba wala madini mengine, kwani shaba inaua uduvi na konokono.

Pima gramu 14 kwa mizani ya sonara au mizani ndogo ya kidijitali, yeyusha kwenye maji safi mpaka ujazo ufike lita 1. Hapo mililita 10 za mchanganyiko zinapandisha fosfeti kwa miligramu 1 kwa lita kwenye lita 100 za maji.

Lita zako zihesabu vizuri: urefu × upana × kina cha MAJI, kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la 100 × 40 × 45 watu wanaliita la lita 180, lakini maji yakiwa kina cha sentimita 38 juu ya mchanga ni lita 152, na ukitoa mawe na magogo unabaki na kama 140. Kwa hilo ni mililita 14. Weka mara moja, pima siku ya 2 au 3, kisha ndipo uamue kiasi cha wiki. Andika chupa kwa herufi kubwa SUMU, USINYWE, uiweke mbali na watoto. Ni nyeupe kama maji.

Na muelewe jambo hili: fosfeti ikikaa sawa, madoa ya zamani hayatadondoka. Yatabaki pale mpaka wembe upite. Dalili kwamba umefanikiwa ni kioo ulichokikwangua kukaa wiki 3 au 4 bila doa jipya.

#10 Kisima_Kirefu

Nimekupata dada. Swali la mwisho, vipi ule wa vumbi, unaorudi kila siku?

#11 Bustani_Majini

Ule kosa lake ni kuufuta. Unatoa mbegu ndogo zinazoogelea, ukiufuta zinatawanyika majini na ndani ya saa chache zimeshika kioo tena. Uache. Wiki 3 hadi 4 usiguse kioo, hata kama wageni wananuna. Utanenepa, utaanza kujibandua wenyewe. Hapo punguza maji, kwangua wote kwa mkupuo mmoja, nyonya kila kitu, badilisha nusu ya maji.

#12 Mama_wa_Guppy

Hodi wakuu. Konokono je? Nimeambiwa wanakula mwani wote, na mtaro nyuma ya nyumba umejaa.

#13 Dawa_na_Maji

Dada yangu, tafadhali usichukue konokono wa mtaroni, bwawani wala ziwani. Konokono wa maji baridi (yasiyo na chumvi) wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus ndio wanaobeba kichocho katika nchi zetu, Biomphalaria kile cha tumbo na Bulinus kile cha mkojo. Konokono mwenye vimelea anavitoa majini, navyo vinapenya ngozi nzima, haihitaji kidonda. Ukiweka wale kwenye tangi, kila unapoingiza mkono kusafisha kioo unajiweka mahali pale pale pa anayeoga kwenye bwawa lenye kichocho. Mimea ya bwawani pia inakuja na mayai yao. Maji ya ziwa au bwawa unayotaka kutumia, chuja konokono wote, yakae siku 2 kwenye chombo safi kabla ya kuyashika. Vimelea hivyo havidumu bila kupata mwili wa kuingia.

Konokono anayefaa ni neriti aliyenunuliwa kwa mfugaji unayemfahamu, mmoja kwa kila lita 20 hivi. Anataka maji magumu, pH juu ya 7, maji laini yanamla gamba. Anakula ukoga na madoa machanga. Madoa ya zamani anayapita tu. Na anaacha mayai meupe, magumu, ukubwa wa punje ya ufuta, kwenye kioo na magogo. Hayaanguliwi kwenye maji baridi, lakini kuyatoa ni wembe tena. Funika tangi, maana anapanda nje usiku.

#14 Ziwa_Tanganyika

Kwa wanaofuga samaki wa maziwa yetu, Tropheus wa Tanganyika na mbuna wa Nyasa: hawa maisha yao ni kukwangua mwani kwenye mawe. Safisha kioo cha mbele peke yake. Cha nyuma na pembeni waachie. Mwani laini watautafuna siku nzima, nao unaingia kwenye mlo wao wa majani ambao matumbo yao yanauhitaji. Madoa magumu ya kioo cha mbele hawatayaondoa, kwa hiyo taratibu za #1 ziko pale pale.

Samaki hawa ni wadadisi, watakuja kudonoa wembe. Kabla ya kuanza watupie chakula kidogo upande wa pili.

#15 Kisima_Kirefu

Na ule ukoko mweupe wenye kijani ndani yake, pale juu maji yanapoishia? Wembe unaruka juu yake.

#16 Fundi_Vioo

Huo ni chokaa, kaka, na mwani umejenga ndani yake. Maji ya kisima yakipungua kwa joto, yanayoondoka ni maji matupu, madini yanabaki yameshika kioo kama ukanda. Mwani unaotambaa kwenye chokaa huwezi kuukwangua kabla hujailainisha.

Chomoa hita. Hita ikibaki nje ya maji ikiwa na umeme inapasuka. Shusha maji sentimita 5 chini ya ukanda. Lowanisha karatasi za jikoni kwa siki nyeupe ya asilimia 5, zikamue zisidondoke, zibandike juu ya ukoko, acha dakika 20 hadi 30. Vipovu vidogo vitaonekana. Kwangua, futa mara mbili kwa kitambaa chenye maji safi, ndipo ujaze. Matone machache yakiingia kwenye lita 100 hayana neno, kikombe kizima kinashusha pH kwa ghafla na samaki wataonyesha.

Kuzuia: kila unapoongezea yale yaliyokauka, tumia maji ya mvua. Acha mvua za kwanza zioshe bati, kinga yanayofuata.

Jiki ni ya tangi TUPU tu, sehemu 1 kwa 20 za maji, dakika 15, suuza sana, weka dawa ya kuondoa klorini, kausha juani. Na jiki isikutane na siki hata kwa bahati mbaya. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo inaunguza mapafu ya mtu.

#17 Mdau_wa_Pleksi

Haidrojeni peroksaidi je? Kuna wanaoisifia.

#18 Dawa_na_Maji

Inafaa kwa mwani wa nyuzi na sianobakteria, na kwa ukoga uliokaa kwenye silikoni. Kwa madoa magumu haisaidii sana.

Soma chupa: "10 vol" ni asilimia 3, "20 vol" ni asilimia 6, hiyo changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwanza. Ya saluni ya krimu usiguse, ina vitu vingine. Jumla kwa siku isizidi mililita 1 ya asilimia 3 kwa kila lita 4 za tangi. Zima pampu, vuta kwenye sirinji, itoe polepole mdomo wa sirinji ukiwa umegusa mwani, subiri dakika 10 hadi 15, washa pampu, badilisha robo ya maji. Uduvi na mimea ya moss huathirika mapema, wenye navyo wapunguze kipimo kwa nusu.

Silikoni iliyobadilika rangi kwa ndani, mwani ukiwa kati yake na kioo, hakuna dawa inayofika pale. Ni kubomoa na kupiga silikoni upya.

#19 Mama_wa_Guppy

Asanteni sana, konokono nimeachana nao. Limebaki moja: kuna kijani chini ya usawa wa mchanga, kati ya mchanga na kioo cha mbele. Wembe hapo mmekataza.

#20 Pwani_Tangi

Hapo ni kadi ya plastiki, dada. Izamishe wima ikiwa imegusa kioo, sentimita 2 hadi 3 ndani ya mchanga, isukume mchanga nyuma kidogo, halafu weka mdomo wa mpira kwenye nafasi hiyo unyonye ukoga unapoinuka. Nenda kipande kwa kipande, mchanga utajirudi wenyewe. Usiitelezeshe kadi kwenda kulia na kushoto ukiwa ndani ya mchanga, utachora.

Kisha kata mwanga. Bandika nje ya kioo utepe mweusi wa umeme, upana wake ufunike kuanzia chini ya tangi mpaka sawa na uso wa mchanga. Kama dirisha liko ubavuni, zungushia pande zote tatu.